Desede

Huku kwetu Likasi, muntu akisema "naitika", maneno inaisha. Haina haja ya kuongezea. Ukienda kuomba binti ya bantu, baba yake akisema "naitika", unaenda kutafuta nguo ya ndoa. Ukimuomba padiri akubatizie mutoto, akisema "naitika", unaweka maji ya bukari, ugali yetu, ku moto. Ni neno fupi, ata mutoto ya kunyonya anakaribia kuisema. Na ile njo neno yenye dada yangu Colette alinipatia nipeleke. Mi, vile kichwa yangu iko, nikaona ni neno ya kimasikini. Nikaiacha ku njia, nikalokota ingine ya Kifaransa.

Bajukuu yangu leo banaandikiana mu téléphone tangu asubui mpaka mangaribi. Vidole inapita mbio, téléphone inabadilisha maneno vile inapenda, na bao banatuma bila kusoma. Nikibaambia basome kwanza, Viviane, ule mwenye mudomo, ananijibu: "Kaku, acha, bantu banaelewaka." Ni kweli, bantu banaelewaka. Mais banaelewaka nini? Njo nataka kusema hapa, ata kama nasikia haya. Shiye bantu ya asili ya Kasai tunaiitaka bundu. Bundu ni nzito kupita haya. Haya inashikaka uso, bundu inashuka mpaka ku magoti.

Colette njo yaya yangu, dada mukubwa. Baba yetu alikuyaka na train kutoka Kasai, angali kijana, kufanya kazi ya mukuba, ile shaba. Shiye tulizaliwa hukuhuku. Colette hakusoma. Minye nilisoma mpaka deuxième primaire, kisha nikashindwa, juu ya crayon rouge, kalamu nyekundu. Mwalimu yetu alikuwa anaitiaka nyuma ya sikio. Ukikosa neno, anaipika mustari chini. Cahier yangu, daftari, ilikuwa inaonekana kama muntu alichinjia kuku mu ndani. Benzangu balikuwa banaikamata, banaenda kuionyesha ku dirisha ya darasa ingine. Njo nikatoroka, nikaenda kuvunja mawe ku Kakontwe, mpaka mikono yangu nayo ikakuwa ya mawe. Jiwe ukiivunja mubaya, inavunjika tu. Haikupike mustari.

Sasa, mu ile miaka mubaya, wakati bakubwa ya huku balisema bantu ya Kasai barudie kwabo, tulitoshwa mu manyumba. Kila muntu ya Likasi anayua, sitarefusha. Tulilala ku gare, bantu na mabati yabo na mbuzi yabo na bagonjwa yabo, tunangoya train. Bwana ya Colette, Mathieu, muntu ya upole sana, alikufwa palepale ku gare, juu ya ugonjwa ya tumbo. Train ilipeleka bengi. Shiye hatukupata nafasi, na wakati makelele ilipunguka, tulirudia polepole mu Kikula, mutaa ya Likasi, tukajenga nyumba ya matofali ya udongo, Colette na minye na bibi yangu. Nyumba ya zamani, ile ya camp ya bantu ya kazi, Colette hakurudia kuiangalia. Mulikuwa bantu bengine mu ndani. Baliingia siku ileile tulitoka.

Colette alikuwa na mutoto moya tu, Ruffin. Mutoto ya masomo, anasoma ata karatasi yenye banafungiaka karanga. Njaa ilimusukuma mpaka Kasumbalesa, ku mupaka, akapita Zambia, akafika Johannesburg. Na kule, mu muji mukubwa vile, alikutana na nani? Na binti ya Likasi, Jessica. Balisikilizana Kiswahili yabo mu foule ya bantu, kila moya akageuka. Mapendo ikaanza. Wakati alimuuliza kwabo ni wapi mu Likasi, binti alimutajia avenue, kisha nyumba, kisha akanyamaza. Ilikuwa ile nyumba yetu. Baba yake njo mwenye aliingia.

Ruffin hakuficha. Aliambia chauffeur moya ya camion akuye kumuambia mama yake kila kitu. Colette alisikiliza, akapatia ule chauffeur maji ya kunywa, kisha akasema: "Banamuke bote ya dunia, mais hapana mutoto ya ile nyumba." Jina yake hakuisemaka. Alikuwa anasema tu "ule wa kule". Ruffin naye alikuwa na kichwa ya mama yake. Alituma maneno kama bila mama kuitika, hataingia kanisa, hatafanya fête, hata kama atazeeka vile. Batoto balizaliwa kule, Colette habayue ata sura. Miaka ikapita. Mama anangoya mutoto aache bibi, mutoto anangoya mama aitike, na minye katikati, niko yomba, mujomba ya mutoto, na mudogo ya mama, nikienda huku banafunga mulango, nikienda kule hakuna njia.

Kisha siku moya, mwaka wa quatre-vingt-dix-neuf, 1999, Colette alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Aliacha kutwanga. Aliniita.

"Germain, andikia Ruffin. Sema: mama anaitika. Bakuye bao bote."

Nikamuuliza juu ya nini sasa. Alisema anachoka kubeba. Nikamuuliza niongezee nini. Alisema hakuna ya kuongezea, akarudilia kutwanga yake. Mi nilisimama pale, macho inanibabua, sababu niliyua ile neno inatokea mbali namna gani.

Bon. Kutuma namna gani? Posta ilikuwa imekufwa. Machauffeur balikuwa banaogopa njia juu ya vita. Mais mu Kikula, karibu na soko, kijana moya, Cyrille, alikuwa amefungua kibanda, aliandika mu mulango "Secrétariat". Alikuwa na ordinateur, ya kwanza yenye mi niliona na macho. Alikuwa na groupe, jenereta ya mafuta ya kuiletea umeme, inapika kelele kama kinu. Unamupatia maneno yako, anaiandika, anaiweka mu disquette, na siku ya soko ndugu yake anaipeleka Lubumbashi, kwa muntu mwenye iko na ligne ya téléphone. Pale inaruka, inafika ku kazi ya Ruffin kule Johannesburg, mu machine yabo. Alisema maneno ikuwe fupi, ju ligne inakatikaka.

Mi niliikala ku kiti nikafikiri. Ile maneno itapita mu machine ya Cyrille, mu Lubumbashi, mu hewa, mpaka Johannesburg, na kila pahali iko muntu ya kuisoma. Bakubwa ya kazi ya Ruffin bataisoma. Nitume "mama anaitika", kama muntu anaita batoto ku bukari? Basome kama yomba ya Ruffin ni muvunja mawe? Hapana. Nikatafuta Kifaransa.

Ku Kakontwe, wakati chef alikuwa amekata maneno na hakuna tena mwenye kubisha, banasema: le chef est décidé. Neno ya bakubwa. Niliipenda tangu zamani. Mama est décidée, mama anakata maneno, mama iko tayari. Mais kuisikia ni ingine, kuiandika ni ingine. Mu mudomo ya shiye benye tulikomalia ku mawe, Kifaransa inapita vile inapata njia. Nikakamata karatasi, nikaandika vile sikio yangu inakumbuka:

Mama e desede. El vu pardone. Vene tus.

Nilitaka kusema: mama anakata maneno, anabasamehe, mukuye bote. Nikaifungia mu mufuko ya shati, nikaenda na kichwa juu.

Kwa Cyrille kulikuwa banc, bantu banangoya kila muntu na karatasi yake. Zamu yangu ikafika. Kijana alikamata karatasi, akaandika vile iko, herufi kwa herufi. Na kila neno yenye anamaliza, machine inaipika mustari chini. Mustari ya rouge.

Sitasema bongo, sitadanganya. Ile bundu ilinishukia. Nywele yangu ilikuwa imekuwa nyeupe, nilikuwa na bajukuu, nilizika bantu, na ile crayon rouge ilikuwa inaningoya mu ile kisanduku. Karibu kila neno. Ata jina yangu, Germain Kalombo, chini kabisa: Germain inaachiliwa, Kalombo inapikwa rouge. Jina ya baba yangu ni faute, ni kosa. Mama moya ku banc alicheka mu mukono yake. Nilimusikia muzuri sana.

Cyrille aliniambia nisihangaike. Machine iko na correcteur ya kusahihisha, inayua Kifaransa yote. Rouge ni neno yenye haiyue, kijani ni grammaire yenye haikae sawa. Clavier yake ya kuandikia ilikuya kutoka kule kwenye banasemaka Kingereza, haina accents, zile alama ya juu ya herufi, ata yeye anaandikaka bila accents na machine inamutilia. Kazi ni kuchagua tu.

Mi nilimuambia: "Mwanangu, toa rouge yote. Sitaki kuona ata moya."

Akaanza. Ku "e" machine ikaleta maneno, akachagua. Ku "desede" ikaleta maneno moya juu ya ingine, Cyrille akakamata ya kwanza. Rouge ikapotea. Kisha kijani ikatokea, Cyrille akasema mama ni mwanamuke, inafaa "e" ingine ya mwisho, akaitia, kijani nayo ikapotea. "Vu" ikakuwa "vous", "vene" ikakuwa "venez". Alifika ku Kalombo, akapika bouton moya, machine ikaitika kama Kalombo ni jina ya muntu. Page ikabakia nyeupe, safi, kama shuka ya hospitali. Mi nilitoa pumzi. Nilitamani kumuita ule mama ya ku banc akuye kuangalia.

Hii njo ilikuwa imeandikwa:

Maman est décédée. Elle vous pardonne. Venez tous.

Kwa mwenye hayue Kifaransa, nitamuelezea. Décidée, ni muntu mwenye anakata maneno. Décédée, ni muntu mwenye anakufwa. Machine haikukosea Kifaransa. Ilisema mama anakufwa, anabasamehe, mukuye bote, na faute haikukuwamo ata moya.

Cyrille alisoma. Hakuyua Colette, hakuyua kitu. Mu ile mwaka maneno mingi yenye bantu banatuma ilikuwa ya kilio. Alitosha casquette yake ku kichwa, akaniambia: "Courage, papa. Hii yako itapita mbele ya zote."

Nilifikiri ananipatia heshima juu ya uzee. Nikamucheka usoni, na meno yote. Nikamuambia: "Asante, mwanangu. Tuliingoya miaka mingi sana."

Aliniangalia vile muntu anaangaliaka mulozi, muchawi. Nami nikaenda zangu nikipika muluzi.

Jibu haikukawia. Cyrille mwenyewe alituma muntu na karatasi. Ilisema: Nous arrivons. Attendez-nous. Ni kusema, tunakuya, mutungoye. Colette aliniomba nimusomee, kisha nirudilie, kisha nirudilie tena. Alikamata karatasi na mikono yote mbili ata kama hayue kusoma. Mutungoye, alisema, kwani bataenda wapi bengine? Tutabangoya.

Hatukuyua kama Ruffin alikuwa anatuomba tusizike mbele yeye hajafika.

Colette akakuwa kama binti. Alipakaa nyumba chokaa. Alitia munkoyo, kinywaji ya mahindi, mu mutungi mapema ikuwe tayari. Alitafuta mbuzi. Alishonesha pagne mupya, kitenge ya maua ya manjano, yeye mwenye tangu kufwa kwa Mathieu alivaaka tu giza giza. Alienda kwa bamama ya Kasai ku soko kutafuta lupemba, ule udongo mweupe yenye tunapakaaka muntu wakati ya baraka. Minye nilizungukia Kikula yote nikisema kama ni minye niliandika, mu ordinateur, bila faute. Jirani yetu Alphonsine, mwenye ulimi yake haipumzikake, aliniuliza kama siku hizi nakuwa secrétaire ya gouverneur. Nilimujibu kama bataniita tu, niko tayari.

Balifika siku moya, jua ilikuwa inaanza kushuka. Camion ilibaacha ku barabara. Shiye tulikuwa mu parcelle, mu kiwanja yetu, Colette anakoroga bukari, Alphonsine anamusaidia. Njo tukasikia kilio. Ilianzia kule ku kona ya avenue, sauti ya mwanamuke, ndefu, ile yenye inakamataka bantu ku tumbo. Milango yote ikafunguka. Mu Kikula kilio ikipita, kila muntu anatoka, huulize kwanza ni ya nani.

Baliingia ku mulango ya parcelle. Ruffin mbele, nguo nyeusi kutoka juu mpaka chini, kichwa ananyoa mpaka inangaa. Batoto mbili nyuma yake, kitambaa cheusi ku mukono. Na bibi yake, Jessica, bila viatu, kilemba anafungua, pagne ya kilio anafunga ku kiuno. Alipofika tu ndani, alijitupa chini, uso mu mavumbi, akaanza kujiviringa vile banamuke yetu banafanyaka wakati banafika mara ya kwanza kwenye muntu alifia.

Colette alitoka mbio na mwiko mu mukono. Aliona nguo nyeusi. Aliona kichwa ya mutoto yake. Akatupa mwiko, akatia mikono ku kichwa, akaanza kulia naye, anaita jina ya Yezu, anakamata Ruffin ku mabega.

"Nani alikufwa? Ruffin, ni nani? Sema, ni nani alikufwa?"

Ruffin alimukazia mama macho. Macho yake ilikuwa kama ya samaki. Colette akamutikisa.

"Nakuuliza ni nani!"

"Ni weye, mama."

Bantu bote bakarudia nyuma. Muntu moya ku mulango alikimbia, nilisikia sandale yake inapika chini mpaka kule mbali. Alphonsine alishika mukono ya Colette hapa juu ya kiwiko, akaifinya, akasikia nyama, akaiachilia.

Mais Jessica hakusikia. Alikuwa uso chini, macho ya kufunga, analia yake. Na bantu ya kwetu banayua: ku kilio unasemeshaka ule mwenye alikufwa. Unamuambia yenye haukumuambia. Hakuna mwenye anakukataza, hakuna mwenye atakuuliza kesho. Njo binti akasema, na kila muntu anasikia:

"Mama Colette, unaenda bila kuniona uso. Nitaomba nani pardon sasa? Ile siku baba alituingiza mu nyumba yenu, nyungu yenu ya kupikia ilikuwa ingali ku mbabula ya makala. Sombe yenu, mama. Ilikuwa ingali moto. Baba alisema tuimwange. Mi nilikula. Nilikuwa na njala, mama, nilikula na mikono yote mbili, na mwenye kuipika alikuwa analala ku gare. Nilimeza, mama, na mpaka leo haiyashuka."

Ruffin aliinama amushike. Jessica akanyanyua uso yake. Ilikuwa mavumbi na machozi, udongo kabisa. Aliona pagne ya maua ya manjano. Akapandisha macho polepole, mpaka akafika ku uso ya mwenye pagne.

Mi niliona bantu mu maisha yangu benye balisikia haya. Mi mwenyewe nilikuwa ku ile gare, bamama banajisaidia mbele ya bakwe yabo juu hakuna pa kwenda. Mais ile uso ya Jessica, sitaki kuiona tena. Alivuta pagne yake, akajifunika kichwa yote, akajikunja chini, mudogo kama muzigo yenye muntu anasahau.

Ruffin akatosha karatasi mu mufuko. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kupasuka. Akaisoma kwa sauti. Maman est décédée. Elle vous pardonne. Venez tous. Kisha akasoma jina ya chini. Kila muntu akageuka akaniangalia.

Nilisema: "Ni machine."

Nikaongezea kama machine ya Cyrille iko na correcteur, kama rouge ilikuwa mingi, kama mi niliandika neno ingine na yenyewe ikabadilisha. Nilisikia sauti yangu inakuwa ndogo, ndogo, kama ya mutoto mwenye anasema si yeye njo alivunja sahani. Ruffin aliniuliza, na heshima yote, yomba, uliandika neno gani. Nikasema: desede. Akaniuliza maana yake. Nikataka kusema ile ya Kakontwe, ya chef, na mu mudomo yangu ikatoka tena ileile. Desede. Mara mbili, mara tatu, naitafuta ile "i" na ulimi, haikuye. Batoto ya Ruffin banaanza kuangalia chini, juu batoto nao banasikiaka haya mu nafasi ya bakubwa.

Colette akanyanyua mukono, nikanyamaza.

"Germain, mi nilikutuma neno gani?"

"Mama anaitika."

"Na nilituma nani? Nilituma machine, ao nilituma mudogo yangu?"

"Mudogo yako."

Hakunitukana, hakupika kelele. Angenitukana, ingekuwa muzuri, ningepata pa kushikia. Alinigeuzia mugongo, na pagne yake ya mupya, akaenda pale Jessica alikuwa. Akaikala chini mu mavumbi, maua ya manjano na yote. Tukasikia magoti yake inalia.

Kisha akasemesha ile pagne yenye ilifunika binti.

"Ile sombe. Ilikuwa na chumvi?"

Sauti ikatoka mu ndani ya pagne: "Ilikuwa nayo, mama."

"Na karanga?"

"Karanga, hapana, mama. Haikukuwa nayo."

"Nilikuwa sijatia bado. Nilikuwa naisaga wakati balikuya kututosha." Akakohoa kidogo. "Kumbe mulikula sombe yenye haiyaisha. Mi miaka yote nilikuwa nafikiri mulikula ya muzuri."

Alphonsine njo alianza, pale nyuma, na pua yake. Hatukuyua kama anacheka ao analia. Kisha bamama bengine. Ruffin alikuwa anasimama, mabega inamutikisika, karatasi mu mukono. Colette alivuta pagne polepole mpaka uso ya binti ikaonekana. Aliiangalia muda, vile muntu anaangaliaka kitambaa ku soko kama itadumu. Akamupangusa mavumbi ku paji ya uso na kidole gumba. Akaita Alphonsine alete sahani ya lupemba, akachovya, akamupakaa. Ile mweupe ikachanganyika na udongo na machozi, haikukuwa nyeupe sana. Akapakaa Ruffin. Akapakaa batoto, moya moya, anauliza kila moya jina yake. Kisha akasema bibi ya Ruffin asimame, bukari inaungua, na ile nguo nyeusi baivue mbele ya kula, yeye hawezi kumeza na bantu banamulilia usoni. Siku ya posho, Jumamosi, alisema, bataenda pamoya kwa padiri juu ya ndoa.

Baliingia ndani. Jirani nao, juu mbuzi ilikuwepo na harufu ilikuwa ku avenue yote. Nilisikia sahani, nilisikia batoto banauliza munkoyo ni nini.

Minye nilibakia inje. Niliikala ku jiwe ya kufulia, mugongo ku mulango. Bibi yangu alipita, akaniangalia, akapita. Nilijaribu tena kusema ile neno, polepole, peke yangu. Dé. Ci. Dé. Ilitoka. Ilitoka muzuri kabisa, sasa vile hakuna mwenye anaiomba.

Mangaribi ikafika. Kisha sauti ya Colette ikatokea ndani, juu ya makelele ya bantu bote.

"Germain! Kuya kula. Ao unangoya tukuandikie?"

Bakacheka, nyumba yote, na Ruffin, na Jessica naye nilimusikia. Niliikala kidogo tena, uso inaniwaka. Kisha nikanawa mikono, nikaingia.